Lita Kumi na Nane

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Merridy Noske alikuwa anatazama maji. Kwanza ya kondoo, kisha ya mwanawe.

Maji ya kondoo yalikuwa kwenye mahori sita ya kunyweshea yaliyotawanyika shambani, na la mbali kabisa lilikuwa kilomita kumi na moja kutoka nyumbani. Mumewe Clive, mwaka mmoja kabla ya kufa, alifunga kwenye kila hori kidude cha kupima chenye sola na antena, na vidude vikawa vinatuma habari kwenye simu: tangi limeshuka kiasi gani, hori linanyweka vipi. Zamani kazi hiyo ilikula nusu siku na dizeli ya kutosha. Sasa Merridy aliimaliza akiwa jikoni, kwenye dirisha la mashariki, maana ndipo pekee mtandao ulipofika.

Akimaliza kondoo, anafungua programu ya pili. Hiyo ilikuwa ya jengo la wanafunzi kule jijini Adelaide, ambako binti yake wa pekee, Tegan, alikuwa mwaka wa kwanza chuoni na alikaa ghorofa ya tisa, chumba 914. Jengo zima lilikuwa na mita janja. Kila chumba na mita yake, na kila robo saa mita inaandika lita zilizopita. Kusudi lake lilikuwa jema. Mji ule unakunywa mto uliochoka, na choo kimoja kinachovuja usiku na mchana katika jengo la watu mia nne kinaweza kumaliza tangi la shamba kwa wiki mbili bila mtu kujua. Wenye jengo walitaka kila mkazi aandikishe mtu mmoja wa nyumbani, ili mita ikiona maji hayakatiki, huyo naye aarifiwe. Tegan akamwandika mama yake.

"Hongera, Mama, umepata kazi mjini," alimwambia siku ile. "Mlinzi wa choo changu."

Na Merridy, aliyebaki kwenye nyumba ya vyumba vitano na mbwa mmoja kiziwi, akaipenda hiyo kazi.

Maji yalionekana kama vijiti vya buluu vilivyopangwa kwenye mstari, na haikumchukua wiki kuvijua. Kirefu cha saa moja na robo asubuhi: Tegan anaoga. Kifupi kinachofuata: meno, na birika la chai. Vidogo vidogo vya jioni: anapika, anaosha vyombo. Jumapili saa nne, vijiti vitatu au vinne vyenye mapengo katikati: mashine ya kufulia iliyo chini ya kaunta. Merridy akivitazama alikuwa kama anasikia mlango wa bafu ukifungwa.

Miezi ya kwanza walipigiana simu kila Jumatano na kila Jumapili.

"Leo umeoga saa tatu. Ulilala na kitabu?"

"Mama! Unanichungulia bafuni?"

"Nachungulia vijiti. Vijiti havina matiti."

"Basi na choo unakihesabu?"

"Jana mara saba. Ulikula nini, mwanangu?"

Walicheka mpaka Merridy akashika ubavu.

Lakini ule mzaha ulikula kitu, na mama yeyote mwenye mtoto wa mbali na apatazame hapo vizuri. Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Hakuna aliyekasirika. Ila mtu akishajua kwamba umeamka, umeoga na umekula, anakosa la kuuliza, na wewe unakosa la kujibu.

"Uko salama?"

"Si umeona vijiti?"

"Nimeviona."

"Haya basi."

Jumatano ikafa kwanza. Halafu simu ya Jumapili ikageuka ujumbe wa maneno mawili. Merridy alisema moyoni kwamba mtoto ana masomo na ana wenzake, asimng'ang'anie kama kupe. Na vijiti vilikuwepo. Alikunywa chai yake dirishani pamoja navyo, akaona wameongea.

Mwezi wa nane vijiti vikaanza kufupika. Kutoka lita mia moja na kumi kwa siku zikawa sitini. Mwezi wa tisa, thelathini. Kufikia mwisho wa mwezi, siku za kazi, chumba 914 kilikuwa kinatumia lita kumi na nane.

Mama aliyekulia kwenye bomba la mjini angeshtuka. Merridy alifurahi.

Yeye alizaliwa kwenye maji ya mvua, akaolewa kwenye maji ya mvua, na Tegan alizaliwa mwaka wa tatu wa ukame, wakati tangi la nyumba likigongwa linalia kama ngoma. Watu watatu waliishi kwa lita tisini kwa siku. Clive alikuwa anapiga mlango wa bafu kwa ngumi dakika mbili zikitimia, na mtoto anatoka na povu masikioni. Maji ya kuogea yaliteremka kwa ndoo mpaka kwenye mlimau. Katika nyumba ile hakukuwa na dhambi kubwa kuliko bomba lililoachwa wazi, na hakukuwa na sifa kubwa kuliko kuambiwa umetumia kidogo. Kwa hiyo Merridy alipoona kumi na nane, aliona malezi yake. Aliona mtoto anasimama kwenye karai, katikati ya jiji, kama alivyofundishwa.

Jengo nalo likaona hivyo hivyo. Likamtumia kwenye simu barua yenye picha ya jani la kijani: chumba 914 kimeongoza ghorofa nzima kwa kutunza maji, pongezi kwa mkazi. Merridy aliichukua simu mpaka posta, kumwonyesha Noelene, mwenye duka na posta ya pale, ambaye walisoma naye darasa moja.

"Lita kumi na nane?" Noelene akavaa miwani. "Mimi nikiosha miguu tu zimekwisha."

"Miguu yako ile, Noelene, hata mto hautoshi."

"Nyamaza wewe, mwenye mguu kama jembe. Sasa huyu mtoto anaogea nini, shoga? Mate?"

"Karai. Amelelewa na tangi huyo."

Noelene akalitazama jani tena, akarudisha simu. "Ana marafiki lakini?"

"Mita haisemi hayo," Merridy akajibu, wakacheka, akanunua stempu ambazo hakuzihitaji. Njiani kurudi, swali lile lilikaa naye ndani ya pikapu kama abiria asiyesalimia. Alilishusha kabla ya geti.

Akamtumia Tegan lile jani, akaandika chini yake: Umewashinda wote. Baba yako angejivuna.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: Asante Mama.

Na kama kuna kitu kilichomtuliza kabisa, ni Jumapili. Siku nyingine vijiti vikilala chini namna gani, Jumapili saa nne asubuhi rangi ya buluu ilisimama, lita sitini, bila kukosa. Anafua, Merridy akajiambia. Anayefua anavaa. Anayevaa anatoka.

Ilipofika Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, joto limeshaanza kuuma, Merridy akaamka akakuta hori la mbali lina tatizo. Hakuhitaji hata kusoma namba. Kondoo hunywa kwa mafungu. Wanakuja kumi, boya linalofungua na kufunga maji linashuka, maji yanaingia, boya linapanda, maji yanakatika. Kisha wanakuja wengine. Kwenye simu unaona kijiti, pengo, kijiti, pengo. Asubuhi ile hakukuwa na pengo. Vijiti vilikuwa sawasawa, bega kwa bega tangu alfajiri, kama ukuta wa matofali. Maana yake ni moja tu: boya limekwama, maji yanamwagika, na hakuna anayeyanywa.

Akaenda. Kasuku wa rangi ya waridi alikuwa amekufa ndani ya kizimba cha boya, bawa limebana kamba yake. Merridy alimtoa kwa mkono, akalegeza kamba, maji yakakatika. Kondoo walikuwa wamesimama kwenye tope wakimtazama. Alifukia ndege kwa kisigino, akarudi nyumbani, akanawa, akasimama dirishani ahakikishe. Mapengo yalikuwa yamerudi.

Akateleza kwenye programu ya pili kwa mazoea tu. Akarudisha kidole mpaka Jumapili iliyopita.

Vijiti vinne. Lita kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano. Bega kwa bega. Hakuna pengo.

Alivuta kiti, jambo ambalo hakulifanya dirishani siku zote. Akarudi Jumapili ya kabla yake. Ukuta. Ya kabla yake. Ukuta. Alihesabu Jumapili saba. Kisha akaruka mpaka mwezi wa nne, na pale ndipo alipoiona mashine ya kufulia: kijiti, pengo refu, kijiti, pengo, kijiti. Mashine hunywa kama kondoo. Inajaza, inasukasuka, inamwaga, inajaza tena. Hakuna mashine duniani inayokunywa saa nzima bila kupumua.

Merridy aliyeweza kutambua boya lililokwama umbali wa kilomita kumi na moja alikuwa ameutazama ukuta huo Jumapili saba, akanywa chai juu yake.

Mtoto wake alikuwa anafungua bomba na kuliacha. Mtoto wa tangi.

Akapiga simu. Ikalia mpaka ikachoka. Akapiga ya pili na ya tatu. Akapiga ofisi ya jengo, akapokea kijana mwenye sauti nzuri.

"914? Hicho hakina shida yoyote, Mama. Hakivuji. Hicho ni chumba cha mfano."

"Sikuulizi maji. Nakuuliza mtoto."

"Samahani?"

"Binti yangu. Mmemwona lini?"

"Hapa tunaona matumizi tu, Mama. Watu hatuwaoni. Yaani, hatuwafuatilii."

"Basi panda ukamgongee mlango. Sasa hivi. Mimi sikati simu."

Alisikia lifti, viatu, ngumi mlangoni, kisha ngumi tena. Halafu sauti, mbali sana, nyuma ya mbao. Kijana akarudi kwenye simu. "Amejibu. Anasema yuko sawa."

"Anasema," Merridy akarudia. Akapiga posta.

"Noelene, chukua mahori. Namba ya siri ni siku aliyokufa Clive."

"Kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo hiyo shida. Sijui."

"Nenda, shoga. Kondoo niachie. Na usikimbize gari, kangaruu wamejaa barabarani na wewe huoni vizuri ukilia."

"Silii."

"Bado," Noelene akasema.

Ni mwendo wa saa nne. Merridy hakuwasha redio. Alikuwa anafanya hesabu nyingine, ile aliyopaswa kuifanya tangu mwezi wa tisa. Kuvuta choo mara moja ni lita nne na nusu. Mara tatu ni kumi na tatu na nusu. Kunywa, lita moja, mbili. Tone la kunawa mikono. Kumi na nane imeisha. Hakuna karai humo. Hakuna sufuria, hakuna chai, hakuna nywele. Alikuwa amesifia kwa maandishi mtu asiyeoga wala kupika kwa miezi miwili, akamtajia na marehemu baba yake.

Mlangoni pa jengo palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta kinachoonyesha ghorofa na maji yake. Ya tisa ilikuwa juu kabisa, na jani lake. Yule kijana alitaka kumsalimia; Merridy alimpita kama nguzo.

"Tegan. Ni mimi."

Akagonga tena.

"Tegan, nimeendesha saa nne na nina mkojo."

Kitasa kikageuka. Chumba kilikuwa na pazia lililofungwa na hewa nzito ya shuka za siku nyingi. Tegan alisimama na fulana ya baba yake. Nywele zake, zile nyekundu za ukoo wa Noske, zilikuwa zimeshikana upande mmoja kama manyoya ya kondoo mgonjwa. Alikuwa amekonda shingoni.

"Umekuja kusoma mita?" akasema.

Merridy alitaka kusema mambo kumi. Akaingia chooni, akatoka, akakaa sakafuni akiegemea kitanda, maana kiti kimoja kilichokuwepo kilijaa nguo. Tegan akarudi kitandani akageukia ukutani.

"Jumapili," Merridy akasema mwishowe. "Lile bomba."

Tegan akavuta shuka mpaka shingoni.

"Sijaja kugomba. Baba yako angegomba. Mimi nataka kujua tu."

"Nilikuwa nafungua nakaa pale chini," Tegan akauambia ukuta. "Saa nzima. Nilitaka uone kitu. Ukiona sifuri ungekuja."

"Hukutaka nije?"

"Ulikuwa peke yako na shamba lote lile. Ungekuja ukute nini? Hiki?" Akavuta pumzi. "Kila Jumapili nilikuwa naona uso wa Baba kwenye lile bomba. Maji yanaenda, yanaenda. Lakini ndiyo kazi pekee niliyoweza kufanya kwa wiki nzima."

"Na kuoga?"

"Bafu liko hatua nne. Nilikuwa nalitazama. Lilikuwa mbali, Mama. Siwezi kukueleza. Lilikuwa mbali kama hori la mwisho."

"Na mimi nikakutumia jani."

Tegan akageuka. Kwa mara ya kwanza midomo yake ilikaribia kucheka, na ilikuwa vibaya kuliko kulia. "Nilifurahi. Nilisema, angalau kuna kitu kimoja ninachokifanya vizuri. Nikikazana nitapata na kombe."

Hapo Merridy akalia, kama Noelene alivyosema. Alilia akiwa ameshika kisigino cha mwanawe, maana ndicho kilichokuwa karibu. Alipomaliza alifuta pua kwa shuka.

"Kuna swali naogopa kuliuliza."

"Uliza."

"Umewaza kufa?"

Gari la takataka lilipita chini, likasimama, likaondoka. "Siyo kila siku," Tegan akasema.

Merridy hakuruka wala hakupiga kelele. Alipanda kitandani na viatu vyake vya tope, akajilaza nyuma yake kwenye kile kitanda cha mtu mmoja, na hakutoka pale mpaka asubuhi. Kulipokucha alimpeleka kwa daktari, nywele vilevile, fulana ileile. Hakumwogesha kwanza. Aliona kwamba daktari na amwone alivyo, maana ameshaonwa vya kutosha kwa njia ya vijiti.

Alikaa siku tisa. Dawa zilianza, na mwanamke mmoja wa chuo akawa anamsikiliza Tegan mara mbili kwa wiki. Siku ya nne, bila kuambiwa, Tegan alienda bafuni. Merridy alikaa nje ya mlango, na hakupiga ngumi.

Alimwomba arudi naye nyumbani. Tegan akakataa, kwa upole.

"Kule ni kupweke kuliko hapa, Mama. Wewe umezoea tu."

Neno hilo Merridy alilibeba saa nne zote za kurudi, na hakupata pa kuliweka. Kabla ya kuondoka alipita ofisini, akamwambia yule kijana afute jina lake kwenye orodha.

"Bomba likivuja tumwarifu nani?"

"Mwenye bomba," Merridy akasema.

Nyumba ilikuwa kama alivyoiacha. Asubuhi alitazama mahori sita, akamaliza, na kidole chake kikateleza pembeni chenyewe, kikakuta hakuna kitu. Siku za kwanza alihisi kama aliyefungwa kitambaa machoni. Hakujua kama mtoto ameamka. Hakujua kama amekula. Ilimbidi asubiri saa kumi na mbili jioni, apige, na simu ilie na kulia huku yeye akihesabu milio, kwa sababu hivyo ndivyo mtu asiyejua anavyokuwa, na hakuna njia ya mkato.

Jioni zingine Tegan hana neno, na Merridy naye hana. Wanaacha simu wazi, kila mmoja na kimya chake. Jioni zingine hapokei, na Merridy anapiga tena, anapiga tena.

"Mama, umepiga mara tano!"

"Na ya sita ningepiga. Unafanya nini?"

"Napika."

"Unapika nini?"

"Mayai."

"Mangapi?"

"Mawili. Mama, jamani."

"Na mkate?"

"Mkate umeisha."

"Umeisha lini? Duka si liko hapo chini?"

"Liko chini."

"Basi vaa viatu. Nenda nayo simu. Mimi nipo."

Merridy akasikia kabati likifunguliwa, kiatu kimoja kikianguka, kisha kimya, kimya kirefu. Akashika ukingo wa sinki kwa mkono usioshika simu, akasubiri. Halafu akasikia mlango.